Mlango wa Kushoto

Wiki iliyopita nilikwenda Njombe mjini kupeleka barua ya kuomba kazi. Nilitoka ofisini nikiwa nimeshajiuliza mara tano kama nilisaini mahali panapotakiwa, nikakata njia nyuma ya gereji moja ili nikwepe matope. Kijana mmoja alikuwa ameinamia boneti ya gari jeupe, mashine ya polishi mkononi. Harufu ndiyo iliyonifikia kwanza: mafuta ya taa, chaki iliyolowa, na juu yake kitu kama plastiki inayokaribia kuungua. Kisha mashine ikapanda sauti. Nilipojitambua nilikuwa nimechuchumaa kando ya mtaro, viganja vimeziba masikio, bahasha yenye nakala za vyeti vyangu imeangukia majini.

"Dada, unaumwa?" kijana aliuliza. Alikuwa ameizima mashine.

"Hapana. Ni baridi tu."

Njombe ukisema baridi, hakuna anayekuuliza zaidi.

Tulikuwa tunakaa Lyamkena, Makambako, katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye uwanja mpana mbele. Uwanja huo ndio uliokuwa mahali pa kazi pa baba yangu na mdogo wake, baba mdogo Kastori. Watu waliwaletea magari yaliyokwaruzwa na matawi, na ng'ombe, na vifungo vya suruali vya watu wanaoegemea ovyo. Mengi zaidi yalikuwa yameharibiwa na kuoshwa vibaya, kwa matambara yenye vumbi, mpaka ukiyatazama juani unaona miduara myembamba isiyohesabika, kama utando wa buibui umelala juu ya rangi. Kazi yao ilikuwa kuiondoa hiyo miduara.

Watu wengi hudhani polishi inaongeza kitu. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilidhani ile kompaundi nyeupe waliyoipaka ilikuwa inaingia kwenye mikwaruzo na kuijaza, kama mama alivyokuwa anajaza nyufa za sakafu kwa udongo. Baba mdogo ndiye aliyenisahihisha. Alinishika kidole akakipitisha juu ya mlango wa gari.

"Hapa juu pana ngozi ya klia, Oliva, ile rangi ya mwisho inayoonyesha ndani kama kioo, nyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu. Mkwaruzo ni bonde. Hatujazi bonde. Tunakata vilima vya pembeni mpaka vilingane nalo."

"Na ukikata sana?"

"Unatokea upande wa pili."

Yeye alikata polepole. Aliishika mashine kama mtu anayembeba mtoto aliyelala, akaipeleka kushoto na kulia, kila mara akisimama kugusa rangi kwa mgongo wa kiganja asikie joto lake. Baba aliilalia kwa kifua. Alikaza meno, mishipa ya shingo ikamtoka, sponji likalia chini yake, na jasho likadondoka juu ya gari likaungua palepale. Ukimwona kwa mbali ungesema anamkaba mtu. Na lazima niseme ukweli: mara nyingi kazi yake ilitoka safi, na ilitoka upesi. Lakini kila baada ya miezi kadhaa aliunguza kona ya gari fulani, chuma kikaonekana, na siku hiyo sisi nyumbani tulitembea kwa vidole vya miguu.

Makambako ina upepo, na aliyewahi kuishi pale sina haja ya kumweleza. Chembe moja ya mchanga ikiingia chini ya sponji, inalichora gari zima kabla fundi hajashtuka. Kwa hiyo walifunga maturubai pande tatu za uwanja, na kazi yangu ilikuwa kumwagilia ardhi kwa kopo lililotobolewa matundu ili vumbi lisiinuke. Siku moja nilisahau upande wa geti. Baba aliona mstari mpya juu ya boneti. Alizima mashine kwa utulivu kabisa, akachomoa mpira wa maji kwenye bomba, akanichapa nao miguuni mpaka nikajikojolea. Kisha akaurudisha kwenye bomba, akaangalia kama umekaa vizuri, akaniambia nimwagilie. Nilimwagilia. Maji ya kujaza kopo yalikuwa yakipita kwenye mpira uleule.

Alimpiga mama kwa sababu ya chumvi. Alipiga teke mlango wa choo uliokuwa unakwama, akauvunja, kisha akautengeneza vizuri kuliko ulivyokuwa. Labda ndiyo maana nilikua nikiamini kwamba kupiga ni sehemu ya kutengeneza. Nilimwona baba akigandamiza gari likang'aa, nikamwona akitugandamiza sisi, nikawa nasubiri kwa uvumilivu siku ambayo nasi tungeng'aa. Nilikuwa na miaka tisa, na wazo hilo halikunitia shaka yoyote.

Kitu kimoja nilikijua vizuri mimi mwenyewe: kusugua sufuria. Wasichana wa rika langu mliokulia huku mtakumbuka. Mgeni akiingia jikoni, macho yake yanakwenda kwanza kwenye matako ya sufuria zilizoanikwa juu ya kichanja, na hapo ndipo anapokupima wewe ni binti wa namna gani. Mimi nilitumia majivu ya kuni za miti ya miwati, mchanga laini wa mtoni na kipande cha kiroba. Nilisugua mpaka mabega yanawaka moto. Sufuria zangu ungeweza kujitazama ukachana nywele. Bibi, mama yake baba, aliwahi kuwaita majirani waje waone, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu wazima kusimama mbele ya kitu nilichokifanya wakanyamaza.

Siku ninayoizungumzia ilikuwa Jumamosi. Mfanyabiashara mmoja wa mbao alileta gari jeusi lililokwaruzwa ubavu mzima na matawi shambani. Lilikuwa limpeleke binti yake kanisani kufunga ndoa mchana uleule.

"Saa nane nalichukua," alisema. "Nikikuta mkwaruzo hata mmoja, nyie wawili mtanitambua."

"Mzee, utajinyolea ndevu kwenye huo mlango," baba alimjibu akicheka. Mzee alipotoka getini, kicheko kikakatika. Akamgeukia mdogo wake. "Umesikia? Leo usinibembelezee gari kama mtoto mchanga."

"Ukilikaba litaungua, kaka."

"Nani alikufundisha kazi?"

"Wewe."

"Basi funga mdomo."

Walifanya kazi tangu asubuhi kwenye ukungu, upande wa kulia kwanza, kisha boneti, kisha mlango wa mbele kushoto. Umeme ukakatika saa tano. Mashine ilikufa mikononi mwa baba. Alitukana, akaibwaga chini bila kuachia kile kitufe kinachoifunga iendelee kuzunguka, akamtuma baba mdogo akatafute petroli, yeye akaenda kwa jirani kuazima jenereta. Kabla hajatoka alipiga ngumi juu ya pipa la maji, akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia: "Gari hili lisipokwisha, leo namvunja mtu."

Hakusema nani. Nimelifikiria hilo mara nyingi sana. Angetaja jina, labda nisingefanya nilichofanya. Nilibaki peke yangu uwanjani kuzuia kuku wasipande kwenye gari, na nikaanza kuhesabu ni nani anayeweza kuvunjwa. Mama alikuwa jikoni anakoroga ugali. Baba mdogo alikuwa njiani. Mimi nilikuwa pale.

Mlango wa nyuma kushoto ulikuwa haujaguswa. Niliusogelea. Kwenye mwanga niliona ile miduara, na mikwaruzo imepita juu yake, na kwa macho yangu ya miaka tisa ilikuwa kitu ninachokifahamu kabisa: ni masizi ya sufuria iliyosuguliwa na mvivu.

Nilichota majivu jikoni kwa kopo. Mama hakuuliza, kwa sababu kuchota majivu ilikuwa kazi yangu ya kila siku. Nikachanganya na mchanga, nikalowesha kiroba, nikaanza. Nilisugua kwa miduara, kama baba mdogo alivyofanya. Niligandamiza kwa kifua, kama baba. Nilisugua mlango wote mpaka kwenye kitasa, nikaendelea nyuma ya tairi. Kisha nikamwagia maji.

Uling'aa! Hiki ndicho ambacho hakuna aliyenifundisha: rangi ikilowa, maji huingia ndani ya kila mkwaruzo na kuuficha. Ule mlango ulikuwa mweusi kama kisima. Niliuona uso wangu, meno yangu, turubai nyuma yangu likipepea. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Hatavunjwa mtu." Nikakimbilia jikoni kunawa nisubiri kuitwa.

Upepo wa Makambako ulihitaji dakika tatu tu kuukausha.

Baba alifika kwanza, jenereta likiwa kwenye toroli. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni. Aliweka toroli chini. Akasimama mbele ya mlango uliokuwa umegeuka kijivu, mkavu, kama ubao wa darasa uliofutwa vibaya. Hakupiga kelele. Alipitisha kiganja juu yake, akakitazama kiganja. Wakati huohuo baba mdogo akaingia getini na dumu la petroli.

"Kastori."

"Naam, kaka."

"Umepitisha msasa hapa."

"Wapi?"

"Usiniulize wapi! Umepitisha msasa mkavu kwenye gari la watu ili mimi nifedheheke."

Baba mdogo aliinama. Alipitisha kidole kwenye mlango, akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa. Halafu akainua macho akatazama dirisha la jikoni moja kwa moja. Nilikuwa nimesimama pale na mikono inayochuruzika maji. Alinitazama kwa muda ambao nimeupima maisha yangu yote na sijawahi kuupatia urefu wake.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

Baba alimpiga ngumi ya kwanza kabla neno halijaisha. Dumu likaanguka, petroli ikamwagika kwenye ardhi niliyoimwagilia mimi asubuhi. Baba mdogo, yule aliyekuwa anaibeba mashine kama mtoto aliyelala, akainuka na damu puani akampiga baba kichwa cha kifua. Walikwenda chini. Sikuwahi kujua kwamba ana nguvu kiasi kile. Alimkalia baba kifuani akampiga usoni, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na kila ngumi ilikuwa na neno ndani yake, lakini alisema kwa Kibena, kwa haraka, nami sikuyakamata. Baba akaokota spana ya tairi akampiga nayo mbavuni. Nilisikia mlio kama mtu anayevunja kuni mbichi. Kichwa cha mmoja wao kiligonga mlango wa mbele, ule uliokwisha kung'arishwa, ukabonyea.

"Kastori! Baba Oliva! Mtauana!" Mama alikuwa ametoka na mwiko mkononi.

Na hapo umeme ukarudi.

Mashine iliyobwagwa chini, kitufe chake kimefungwa, ikaamka. Iliruka kama kuku aliyekatwa kichwa. Ilijipiga kwenye ardhi, sponji likachomoka likarukia turubai, kikabaki kile kisahani kigumu cha nyuma kikizunguka kitupu. Baba aliinyakua. Nadhani, na nasema nadhani kwa sababu nimebishana na nafsi yangu juu ya hili kwa miaka, aliinyakua ili aizime. Lakini baba mdogo alikuwa anamjia. Baba akaisukuma mbele kwa mikono miwili, kwa kifua chake chote, kama alivyozoea.

Kisahani kilimpata upande wa kulia wa kichwa. Harufu ilibadilika. Hilo ndilo lililoniangusha kwenye mtaro wa Njombe wiki iliyopita, si kompaundi. Ni ile harufu iliyokuja baada ya kompaundi, ya nywele na ngozi. Baba mdogo alipiga yowe moja, akaishika spana iliyokuwa imemponyoka baba, akashusha pigo kwenye kifundo cha mkono ulioshika mashine. Mara moja. Mashine ikaanguka, ikaendelea kujitupa hapa na pale kati yao, mpaka mama alipochomoa waya ukutani.

Ukabaki upepo tu na turubai.

Mwenye gari alifika saa nane kamili. Aliuona mlango, aliwaona watu wawili wamekaa chini mbali mbali, mmoja ameshika sikio lililobaki nusu ndani ya kanga ya mama, mwingine ameupakata mkono wake uliopinda. Alikuwa amekuja kupigana, ilionekana kwenye mabega yake. Akakuta hakuna wa kumpiga. Aliwatazama kwa zamu, akasema, "Nyie ni wanyama," akachukua gari lake. Baadaye tulisikia kanisani waliliegesha upande wa kushoto umeelekea ukuta, na picha zote zikapigwa upande wa kulia.

Baba mdogo aliondoka wiki hiyohiyo, kwenda Ludewa, hakurudi tena. Mfupa wa baba uliunga vibaya, na mtu asiyeweza kunyoosha kifundo hawezi kuiweka mashine ilalie sawa. Uwanja wetu ukaota majani. Kwa miaka yote iliyofuata, baba alikuwa na hadithi moja aliyomsimulia kila mgeni: mdogo wangu alinionea wivu, akaharibu gari la watu, akanimaliza. Mimi niliandaa chai ya wageni hao. Niliisikiliza hadithi nikiwa shule ya msingi, nikiwa sekondari, nikirudi likizo za chuo. Kila mara nilifungua mdomo, na kila mara niliiona ile mikono yake. Hajampiga mtu tangu siku ile. Sijui kama ni toba au ni mkono tu.

Nilipotoka mtaroni wiki iliyopita sikurudi nyumbani. Nilipanda basi la Ludewa nikiwa na bahasha iliyolowa, na kwenye kona zile za milimani nilitunga hotuba ya kuomba msamaha, nikaifuta, nikaitunga tena. Baba mdogo ana karakana ya samani sasa. Nilimkuta anasugua mguu wa kochi kwa mkono. Nywele za upande wa kulia hazijaota.

"Kamwene, baba mdogo," nilimsalimu kwa Kibena.

Aliinua macho. "Oliva? Umekuwa mrefu hivyo kwa chakula kipi?"

Hotuba yote ikanipotea kichwani. Nilisema tu, "Ule mlango niliusugua mimi. Kwa majivu."

"Najua. Niliyanusa. Na nilikuona dirishani unanawa." Aliendelea kusugua. "Ulisugua vizuri. Hata kwenye kitasa."

Nilianza kulia. Nilimwambia kwamba nimejua siku zote alijitoa kwa ajili yangu, kwamba sikio lake ni deni langu, kwamba sijalala vizuri tangu nikiwa na miaka tisa. Alinisikiliza huku uso wake ukizidi kukunjamana, mpaka akauweka msasa chini.

"Nani kakwambia nilijitoa kwa ajili yako?"

Nikajifuta uso kwa kiganja.

"Bibi yako alinigawia miti ya mbao kule Kifanya. Baba yako aliikata yote, akaiuza, akanunulia mashine ile, akaniambia nishukuru maana amenipa kazi. Nilimtumikia kwa kutumia miti yangu mwenyewe. Kila asubuhi niliamka nikitafuta sababu ya kumpiga, sikuipata, maana ni kaka yangu. Siku ile alinipa mwenyewe. Ningesema ni wewe, angekugeukia wewe, na mimi ningebaki nimesimama tu kama kawaida." Akapuliza vumbi kwenye kochi. "Mlango uliuharibu wewe. Ngumi zilikuwa zetu. Usizichukue."

Njia nzima ya kurudi nilijiuliza kama amenidanganya ili nilale. Anaweza. Ni mtu wa aina hiyo. Kisha nikakumbuka jinsi alivyopiga, kushoto, kulia, na nikaona kwamba mtu anayemlinda mtoto hapigi hivyo.

Jana jioni nilimkuta baba uani anapukuchua mahindi kwa mkono wake mzima. Nilisimama upande wa pili wa ungo, hatua nne kutoka kwake. Nilikuwa nimezipima.

"Baba, ule mlango wa gari la harusi niliusugua mimi. Kwa majivu na mchanga. Nilidhani ni kama sufuria."

Punje ziliacha kudondoka. Shingo yake ilijaa mishipa ileile, na miguu yangu, yenye umri wa miaka ishirini na nne na shahada moja, ikataka kukimbia. Haikukimbia.

"Kwa nini basi alisema ni yeye?"

"Alikuwa anatafuta sababu ya kukupiga. Kwa ajili ya miti ya Kifanya."

Mama alitokeza mlangoni, akasimama. Baba alilizungusha gunzi lililokuwa mkononi mwake.

"Hata mimi," akasema.

"Hata wewe nini?"

"Nilikuwa naitafuta. Nilijua siku moja ataniuliza miti yake. Nikawa nataka nimwahi." Akalitupa gunzi kwenye lundo. Kisha, kwa sauti ambayo sikuweza kujua ni ya mtu anayekwenda kuomba msamaha au anayekwenda kumalizia ugomvi, akasema, "Nipe namba yake."

Mama alitikisa kichwa, hapana. Nilimtazama mama, nikamtazama baba. Nikatoa simu, nikaanza kumsomea tarakimu moja moja.